Bodi Nzito ya Nyumbani kwa Wankuru

Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, na fundi wa bodi za kompyuta anayetetemeka ni hatari kuliko mwizi. Ndiyo sababu nimewaachia meza. Nyinyi mliobaki pale senta ya Nyamwaga mmenisumbua niandike kazi niliyofanya miaka yote hiyo, mkaninunulia na daftari. Haya, naandika. Nimesoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Tafuteni makosa ya kazi. Hayo yapo, na kubwa kuliko yote nitalisema mwenyewe.

Nilianza kwa kuuza uji Tarime mjini, kando ya kibanda cha mzee Marwa, fundi redio. Siku moja nilimpelekea kikombe, nikamwambia redio iliyo mbele yake inanuka. Akaniambia niuze uji wangu. Kabla hajamaliza kikombe ile redio ikatoa moshi. Kesho yake aliniwekea kigoda. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi wala mita. Alinipa redio nne zilizokuwa zimewashwa, akanifunga mikono nyuma kwa khanga yangu mwenyewe, akasema ninuse, nimwambie ipi itakufa. Nikakosea mbili. Hakucheka, hakunisifia kwa zile nilizopata. Hakunisifia hata siku moja mpaka tunamzika, na mimi nimewafanyia nyinyi hivyo hivyo. Mnaonung'unika mtaacha.

Marwa ndiye aliyenifundisha kugusa kwa mgongo wa mkono. Kitu usichokijua usikishike kwa kiganja. Umeme ukikukuta kwenye kiganja, vidole vinajikunja na kukamata waya, unabaki hapo hapo. Ukikupiga mgongoni mwa mkono, mkono unaruka. Alikuwa na kidole kimoja kilichokauka, na hakuna aliyehitaji kumuuliza alikipata wapi somo hilo.

Kompyuta ya kwanza niliifungua baada ya Marwa kufa. Aliileta kijana wa Kisukuma aliyekuja huku kutafuta dhahabu, akachoka na mashimo, akawa anachapa mikataba ya wenzake. Nilipotoa kifuniko niliogopa kama mtu aliyefungua zizi la mtu mwingine. Vitu ni vingi, vidogo, na hakuna hata kimoja ninachokijua kwa jina. Nikanusa. Pua ikaniongoza hadi kwenye kapasita tatu, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizovimba vichwa kama uyoga. Nikazitoa, nikapachika nyingine nilizozing'oa kwenye televisheni iliyokufa, nikawasha nikiwa nimesimama mlangoni, na fimbo mkononi ya kubonyezea swichi. Ikawaka. Yule kijana aliuliza kwa nini nimesimama mbali. Nikamwambia nataka nikimbie kwanza, kisha nimwite.

Sasa niwaambie habari ya bodi, maana hicho ndicho mlichoniuliza.

Mteja akija kutaka kompyuta yenye nguvu, anakuja na jina la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mdomoni. Ameliona kwenye simu. Bodi kuu, hiyo mnayoiita madabodi, anaona ni kibao tu cha kupachikia vitu. Ni sawa na mtu anayenunua fahali kwa pesa zote, halafu anamfunga kwenye kijiti. Na balaa linazidi anapotaka kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kuliko mwendo iliopewa kiwandani. Prosesa za kukimbizwa zipo, zimeachwa wazi makusudi, na zipo zilizofungwa ambazo hazikimbiziki hata ulie. Bodi nazo hivyo hivyo, si kila moja inakubali. Hayo mnayajua. Msilolijua, kwa sababu hamjaliona, ni hili: prosesa ikikimbia inakula umeme mwingi, na umeme wote huo unapita kwenye vipande vidogo vyeusi vilivyopangwa pembeni yake juu ya bodi. Prosesa ina feni yake kichwani. Vile vipande, kwenye bodi za bei rahisi, viko uchi. Hapo ndipo moto unapozaliwa.

Mimi nililiona Nyansurura. Kijana mmoja alikuwa na kibanda cha kuonyesha mpira na kuchezesha gemu, akataka mashine ya kukimbia. Nikampachikia prosesa nzuri kwenye bodi ya uchi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Nikaikimbiza, tukafurahi, nikala hata kuku kwake. Haikumaliza mwezi. Mchana mmoja alitoka kwenda kuchukua maziwa kwa mama yake, watazamaji hawajaja bado. Aliporudi pazia la nailoni lilikuwa linadondoka matone ya moto juu ya mabenchi. Kibanda kiliisha chote. Yeye hakunilaumu. Alisema ni umeme wa huku, unapanda na kushuka kwa sababu ya makarasha ya kusaga mawe. Lakini nilikwenda, nikachokora majivu, nikaipata kona ya bodi, na vile vipande vyeusi vilikuwa vimepasuka vyote upande mmoja. Ile kona ninayo kwenye kopo la majani ya chai. Mmeiona mara nyingi mkadhani ni takataka za bibi.

Toka siku hiyo niliacha kukimbiza prosesa ya mtu yeyote. Mteja akiitaka kazi hiyo nasema sijui. Nikasema sijui miaka kadhaa, mpaka alipokuja Bhoke.

Bhoke ni mtoto wa Wankuru, na Wankuru ni rika langu, tumelimiana mashamba tangu tukiwa wasichana. Kiharusi kilimpiga Wankuru upande wa kulia, akabaki kitandani, maneno yanatoka nusu nusu. Bhoke ndiye anayemlisha, na chakula chenyewe kinatokana na video. Anapiga picha kwenye harusi, misiba na sherehe za ng'ombe wa mahari, kisha anazikatakata kwenye kompyuta. Kompyuta yake ilikuwa inachukua siku tatu kupika harusi moja, yaani kuikamilisha iwe video, wateja wamemkimbia wanakwenda Sirari. Alikuwa na prosesa ya kukimbizwa, ya zamani kidogo, aliyopewa na mtu. Akasalimia, shikamoo bibi, akaiweka mezani ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya sigara, akasema nimtafutie bodi ya kuikimbiza.

Nikamuuliza itakaa wapi. Akasema chumbani kwa mama, kwa sababu ndicho chenye umeme mzuri na dirisha la nondo. Nikamuuliza, ukienda kupiga picha? Akasema anaiacha inapika video, anafunga mlango kwa kufuli. Wezi wapo. Jirani, shangazi yake, ana ufunguo wa pili, huja asubuhi kumwogesha mgonjwa, kisha anafunga tena.

Mtu asiyeweza kuinuka, mashine inayokimbizwa, kufuli kwa nje. Nikamwambia sijui kazi hiyo.

"Bibi, unaijua," alisema. "Kila mtu anasema unaijua ila unaogopa."

"Naogopa, ndiyo."

"Basi nitakwenda Sirari. Kuna fundi kule hana hofu yoyote."

Hapo alinishika. Kama angekwenda kwa fundi asiye na hofu, angepewa bodi ya uchi, na Wankuru angelala nayo. Nikikataa naogopa, nikikubali naogopa. Nikachagua woga ambao angalau nitaushika kwa mkono wangu.

Tulikwenda Sirari wote wawili, kwa muuza vifaa vilivyotumika, Mjaluo mmoja mcheshi kutoka ng'ambo ya pili ya mpaka. Aliweka bodi mbili mbele yetu. Moja ni nyekundu, inang'aa, ina taa zinazobadilika rangi. Nyingine imechakaa, ina michubuko, nzito kama tofali, na juu ya vile vipande vyeusi imebeba vyuma vya kupozea vyenye meno, vimekazwa kwa skrubu na si gundi.

"Mathee, chukua hii iko na taa," akaniambia. "Msichana akiiwasha, nyumba yote itakuwa disko."

"Nyumba hiyo ina mgonjwa. Disko peleka kwako."

Alicheka, lakini Bhoke alikuwa ameshaishika ile nyekundu. Nikamwacha aishike. Kisha nikampa ile nzito kwenye mkono wa pili, nikamwuliza ng'ombe wa kununua anaangaliwa wapi, kwenye pembe au kwenye miguu. Akairudisha ile nyekundu mezani. Mtoto wa Kikurya swali hilo halijibu kwa mdomo.

Ile nzito niliikagua mpaka muuzaji akachoka na kunywa soda. Nilitoa lenzi nikahesabu pini za pale prosesa inapokaa, mstari kwa mstari, maana pini moja iliyolala inatosha kuua kila kitu. Nikapitisha kidole nyuma ya bodi kutafuta mahali palipochomelewa upya. Nikaangalia soketi ya umeme wa prosesa ina matundu nane, si manne. Nikanusa, hasa chini ya vile vyuma, ambako moshi wa zamani hujificha na hauoshwi kwa spiriti. Ilinuka vumbi tu. Nikamwambia aiwashe hapo hapo, nikaingia kwenye mipangilio yake kutafuta kitu kimoja: kama naweza kuiwekea mpaka wa joto, ikifika hapo ijizime bila kumuuliza mtu. Mpaka ulikuwepo. Yule Mjaluo akasema hiyo watu huitoa kwa sababu inasumbua. Nikamwambia hicho ndicho mimi ninachonunua, hayo mengine ni nyongeza.

Niliifunga siku mbili baadaye. Prosesa niliikimbiza kidogo, chini ya alivyotaka Bhoke, na mpaka wa joto nikauweka chini sana. Kisha nikaichunga. Mnajua desturi yangu: mashine haitoki mezani mpaka ichungwe siku nzima, toka ng'ombe wanapotoka zizini hadi wanaporudi, ikifanya kazi nzito, nami nimekaa pembeni na mgongo wa mkono kwenye vyuma vya kupozea. Mlikuwa mnanicheka kwamba bibi anapima homa. Haikupata homa. Nikaipeleka mwenyewe, nikaiinua juu ya matofali mawili, shubiri mbili kutoka ukutani, nikaacha ubavu mmoja wa kasha wazi ipate hewa. Nikamwambia Bhoke asiweke gunia karibu, asiweke nguo, afute vumbi kwa brashi kila Jumamosi. Akasema ndiyo kwa kila neno. Na alitimiza, sina la kumsema.

Wankuru alikuwa anatutazama toka kitandani. Yeye sikumwambia kitu. Nilimwona ni mgonjwa, hana mkono katika mambo haya. Kumbukeni hapo.

Wiki tatu zikapita vizuri. Kisha Bhoke akaanza kupiga simu. Mashine inajizima. Akiwa nyumbani inafanya kazi hata saa sita mfululizo, akitoka tu, anarudi anakuta imezima na harusi haijaiva. Nilimuuliza habari ya vumbi, ya feni, ya magunia. Kila kitu kiko kama nilivyokiacha. Nikafikiri ni makarasha yanavuta umeme mchana. Nikafikiri bodi niliyochagua kwa majivuno yote yale ni mbovu. Nililifikiri hili la pili zaidi, na likaniuma.

Siku aliyopiga mara ya mwisho ilikuwa asubuhi na mapema, anatoka kwenda Mbalibali kwenye sherehe, na nyuma alikuwa na harusi ya watu inayodaiwa kesho yake. Alikuwa karibu kulia. Alisema yuko bado mlangoni, pikipiki inamsubiri, nimruhusu auondoe tu huo mpaka wa joto, ameona kwenye simu jinsi ya kuuondoa, nimwambie tu ndiyo.

Hapa ndipo kosa langu. Sikusema ndiyo ya kuuondoa. Lakini nilimwelekeza kwa simu auongeze kidogo. Kidogo tu, nilisema. Nikamsikia anabonyeza, nikamsikia anafunga kufuli, nikasikia pikipiki ikiondoka.

Nilirudi kwenye kazi yangu, redio ya mtu. Ilipofika mchana nikashindwa kushika skrubu. Huo ndio mkono mnaouona leo, ulianza mchana huo. Nilikuwa naona pazia la Nyansurura likidondoka matone. Mjukuu wa Marwa, ambaye wakati huo mlikuwa naye mezani, aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia aniitie bodaboda.

Mvulana wa bodaboda alilalamika kwamba nampiga mgongoni. Nilikuwa nampiga, ndiyo. Tulipofika, mlango umefungwa, kufuli linaning'inia. Nikaweka pua kwenye ufa wa mlango. Harufu ikanipata. Haikuwa ya waya. Ilikuwa kama ya sufuria ya plastiki iliyosahauliwa jikoni.

Nikaita, "Wankuru!"

Nikaita tena, nikasikia sauti yake ikikoroma neno nisilolielewa. Shangazi mwenye ufunguo wa pili alikuwa amekwenda shamba. Jirani wa upande wa chini, mzee Chacha, alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia alete shoka avunje kufuli. Akasimama, akanitazama. Mlango wa mwenyewe hayupo, kompyuta iko ndani, kwetu huku kwa jambo hilo mtu anapigiwa yowe na kijiji kizima kinakuja na mapanga.

"Nyangi, wataniita mwizi," aliniambia.

"Vunja. Wakija, wataanza na mimi."

Akavunja, mara ya tatu likaanguka. Moshi haukuwepo. Nilifikia mashine kabla sijamwangalia mgonjwa, na hilo nalo linaniaibisha. Sikuiona mashine. Niliona kitambaa.

Mnavijua vitambaa vyetu vya kufuma, vya kufunika makochi, redio, televisheni. Hiki kilikuwa cheupe chenye maua mekundu, kikubwa, na vishada pembeni, kimelala juu ya kasha lote hadi chini ya matofali, na juu yake kopo la maua ya plastiki. Nikakivuta. Hakikutoka. Vishada vilikuwa vimeingia kwa ule ubavu niliouacha wazi, vikajisokota kwenye feni ya prosesa hadi ikasimama. Na pale kitambaa kilipogusa vyuma vya kupozea, nyuzi za nailoni zilikuwa zimelainika na kugandamana, zimechukua umbo la meno ya chuma, safu kwa safu. Nikaweka mgongo wa mkono. Mkono ukaruka wenyewe. Lakini mashine ilikuwa kimya. Ilikuwa imefika kwenye mpaka wake, hata huo niliouongeza, ikajizima bila kumuuliza mtu.

Nilikaa sakafuni. Wankuru alikuwa macho, ananitazama kwa hasira, na yale maneno yake ya nusu nusu yalitoka yote siku hiyo.

"Unanivunjia mlango kwa ajili ya kitambaa?"

Ndipo nikajua. Alikifuma mwenyewe, kabla mkono haujafa. Wiki hizo za mwisho, kila asubuhi akimaliza kuogeshwa, Bhoke akiwa ametoka, alikuwa anamwambia shangazi aifunike mashine, kwa sababu ndiyo inayowalisha, na kitu kinachokulisha hakiachwi uchi mbele ya wageni. Bhoke akirudi anakifunua bila kufikiri, kama mtu anavyofunua kochi kabla ya kukaa, na kwa simu hakuona ni kitu cha kunitajia. Mimi nilimkataza Bhoke kuweka nguo. Bhoke hakuweka. Wenye nyumba walikuwa watatu, mimi niliongea na mmoja.

Bhoke aliporudi alikasirika kwa kufuli, kisha akaona kile kitambaa, akakaa sakafuni mahali pale pale nilipokaa mimi. Nilirudisha prosesa kwenye mwendo wa kiwandani mbele yake. Hakubisha. Harusi ya watu ilichelewa siku mbili, bwana harusi akatukana, hakuna aliyekufa kwa matusi. Bodi ile nzito bado inafanya kazi. Mlango sasa una komeo la ndani ambalo Wankuru analifikia kwa fimbo kwa mkono wake wa kushoto, na kompyuta ikiwashwa kufuli la nje halifungwi.

Kwa hiyo mkiulizwa bodi gani ichaguliwe, angalieni miguu, kama nilivyowaonyesha. Nzito, vyuma vya skrubu, matundu nane, na mpaka wa joto ambao hamtauongeza kwa simu hata mteja alie damu. Halafu kabla ya kuipeleka nyumba ya mtu, ulizeni ni nani anayefagia pale, nani anayetandika, nani anayefunika. Zungumzeni na huyo, hata kama amelala kitandani na mnadhani hasikii.

Kitambaa Wankuru alinipa. Kiko ukutani juu ya meza yenu, na yale meno yanaonekana. Kiacheni.

Habari ya kuongeza mpaka kwa simu Bhoke anaijua, hatujawahi kuizungumza. Wankuru haijui. Hajui kusoma, na nyinyi mnaojua msimsomee. Naenda kwake kila Jumapili baada ya kanisa. Nikifika naangalia komeo kwanza, nalisukuma mara mbili, kisha naweka mgongo wa mkono kwenye ubavu wa mashine, hata ikiwa imezimwa. Yeye hunicheka, huniuliza nimekuja kumwona yeye au kuona kompyuta. Namwambia nimekuja kuona mlango. Anadhani ni utani.